Uzito wa Chombo Nchi Kavu

Chombo kikiwa majini hakina uzito wa kumsumbua mtu. Mtoto aliyekaa ukingoni mwa gati aweza kukisukuma kwa unyayo wake chombo cha tani mbili, nacho kikaondoka polepole kwa utii. Maji hukibeba kila pahali kwa wakati mmoja, toka omo hadi tezi, chini ya kila ubao, wala hayachagui pa kushika na pa kuacha. Lakini siku kitolewapo majini, uzito wote uliokuwa umefichwa hudhihirika mara moja, na lazima apatikane wa kuubeba.

Wavuvi wa pwani walijua jambo hili zamani. Ngalawa hupandishwa ufukoni juu ya magogo ya mviringo, watu wakishika huku na huku, mmoja akitoa sauti na wengine wakiitikia, na hatua hamsini za mchanga huwatoa jasho kuliko maili tano za bahari. Hata hivyo safari yao ni fupi: hukoma pale maji ya bamvua yasipofika. Habari nyingine kabisa ni ya yule anayetaka kukipitisha chombo chake bara, siku baada ya siku, kutoka maji haya mpaka maji mengine yasiyojuana nayo.

Katika Marekani hii ni desturi ya watu wa kawaida. Wako maelfu wakaao mbali na bahari ambao wana mashua ya tanga nyuma ya nyumba, imekaa juu ya trela, mlingoti umelazwa, inangoja likizo. Mashua mojawapo inayofahamika sana ni Catalina 22, iliyobuniwa na Frank Butler na kuanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Urefu wake ni futi 22 hivi, na ile yenye mkuku wa kupandishwa na kushushwa ina uzito wa ratili 2,250, yaani kilo 1,020 kwa makadirio. Upana wake haufiki futi 8 na nusu, ambao ndio mpaka wa upana katika barabara kuu za nchi ile kwa asiyekuwa na kibali maalumu. Kwa hiyo mwenye gari lenye nguvu ya kadiri aweza kuifunga nyuma yake Ijumaa jioni na kuishua katika ziwa la jimbo jingine Jumapili.

Hayo ndiyo maneno ya karatasi ya muuzaji. Mashua iendayo safari haiendi tupu, na hapo ndipo hesabu huanza kuharibika. Mwenye chombo hupakia kama mtu wa bahari. Huweka maji ya kunywa lita 80, nayo ni kilo 80, kwa kuwa lita ya maji haina huruma. Huongeza betri mbili, nanga na mnyororo wake, mafuta ya injini, vyakula vya makopo, matanga ya akiba, vyombo vya jikoni, vifaa vya ufundi, na vitabu. Kila kitu akitiacho ni kidogo, na kila kimoja kina sababu nzuri. Trela lenyewe si jepesi pia. Yule aliyedhani anavuta kilo 1,000 akifika mizanini hukuta kilo 1,800, na mara nyingi hafiki mizanini, bali huondoka kwa dhana.

Yafaa kueleza kwa nini dhana hiyo ni hatari, maana watu wengi hudhani kwamba uzito ni uzito tu, na kwamba gari likiweza kuvuta limeweza. Sivyo. Mashua iliyo juu ya trela ni kama mzegazega. Mchukuzi afungaye madebe mawili kwenye mti mmoja hatazami uzito wa jumla peke yake. Hutazama bega liwe wapi. Bega la trela ni ekseli. Mbele ya ekseli kuna pua ya trela, ambayo hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Nyuma ya ekseli kuna tezi ya mashua, na hapo mara nyingi injini hutundikwa, mahali pa mbali kabisa, ambapo kila kilo huvuta kama kilo tatu. Kanuni wanayoifuata Wamarekani ni kwamba pua ya trela iulalie ule tufe kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote; kwa mzigo wa kilo 1,800, ni kilo 180 mpaka 270. Uzito wa pua ukizidi, nyuma ya gari hudidimia, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yaongozayo, huwa mepesi. Ukipungua, jambo baya zaidi hutokea: trela huanza kucheza mkia.

Mwanzo wake ni mdogo. Upepo wa lori linalopita husukuma tezi ya mashua kidogo upande mmoja, nayo hurudi, ikapita pale ilipokuwa, ikarudi tena. Trela lililopakiwa sawasawa hutulia baada ya mara mbili tatu. Lililopakiwa nyuma kupita kiasi, likiwa katika mwendo wa kasi, haliwezi kutulia. Kila mchezo ni mpana kuliko uliotangulia, mpaka mkia humwongoza kichwa, na gari hupinduliwa na kitu ambacho ndilo lililokuwa likikivuta. Dereva ambaye hajafundishwa hukanyaga breki kwa hofu, na kufanya hivyo ni kuzidisha. Waliofundishwa huondoa mguu katika mafuta, hushika usukani sawasawa, na kama trela lina breki zake za umeme huzifunga hizo peke yake kwa mkono, ili trela livutwe nyuma na kunyooka. Lakini haya yote ni tiba, na kinga yake ilikuwa rahisi: kuhamisha madumu ya maji kutoka nyuma kwenda mbele, au kuyamwaga. Maji yapo huko waendako.

Kisha kuna vitu visivyopiga kelele. Beringi za magurudumu ya trela la mashua zina maisha mabaya kuliko za gari lolote. Baada ya maili mia tatu za jua huwa za moto. Zifikapo ziwani hutumbukizwa katika maji baridi ghafla, hewa iliyo ndani hunywea, nayo huvuta maji ndani ya grisi. Mwezi mmoja baadaye kutu imeshakula, na gurudumu hukwama au hung'oka njiani usiku. Basi wazee wa kazi hii husimama kila baada ya saa mbili, hushuka, na kugusa kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya mkono, kama mama agusavyo paji la uso la mtoto. Cha joto la kadiri, huendelea. Cha moto, hawaendelei. Tairi nazo zina kiwango cha mzigo kilichochapwa ubavuni, na nyingi za matrela hazikukusudiwa kupita maili 65 kwa saa. Ajabu ni kwamba tairi la trela hufa kwa uzee zaidi kuliko kwa kulika: husimama juani miaka mitano, kashata zake nzima, likionekana jipya, ilhali ndani limeoza.

Na kuna mlima. Mtu wa Denver anayetaka kupeleka tanga lake Lake Powell, bwawa kubwa la mto Colorado lililoko mpakani mwa Utah na Arizona, hupanda barabara kuu hadi handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kimo ambacho hakuna jahazi lililopata kukifikiri. Kupanda hutesa injini. Kushuka hutesa breki, na kushuka ndiko kuuako. Nguvu iliyomo katika kitu kiendacho huzidi kwa kipeo cha mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzimwa huongezeka mara nne, nayo yote lazima igeuke kuwa joto katika vyuma vichache vya breki. Ndiyo maana mwenye hekima hutia gia ndogo kileleni, kabla ya kuteremka, wala hangoji kunusa harufu ya breki.

Mtengenezaji mmoja, Roger MacGregor wa California, alilitazama tatizo hili kwa jicho lisilo la kawaida. Vyombo vingi vya tanga huhitaji farumi, ule uzito wa chini uvizuiao visipinduke. Majahazi yalitia mawe au mchanga, na mashua za sasa hutiwa chuma au risasi katika mkuku. Yeye, kuanzia miaka ya 1980, alitengeneza mashua za futi 26 zenye tangi tumboni. Ziingiapo ziwani tangi hufunguliwa, maji yakaingia zaidi ya kilo 500 yakawa farumi. Zitokapo, maji humwagika yenyewe, na mashua ikaenda zake nyepesi. Wanamaji wa jadi walizidharau mashua hizo kwa namna zinavyokwenda, na huenda walikuwa na haki. Lakini katika jambo la barabara mtu huyu aliwazidi wote akili, kwa kuwa aliuacha uzito ziwani, mahali ambapo hakuna wa kuubeba.

Si kila uzito huachika. Waswahili wana msemo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Husemwa kama sifa, na sifa imo, kwa sababu Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa njia ndefu, na kazi ya upagazi kwao ilikuwa heshima na ujuzi. Hata hivyo msemo huo una mlango wa nyuma, ambao wengi wameupitia: kwamba mzigo mzito ukimpata mwingine, habari yake imekwisha.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walitaka kuwaondolea Wajerumani utawala wa Ziwa Tanganyika. Walipeleka mashua mbili za injini, kila moja urefu wa futi 40, kazi ya kiwanda cha Thornycroft. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko. Majina aliyoyataka kwanza, Paka na Mbwa kwa lugha yake, yalikataliwa na wakubwa, naye akaziita Mimi na Toutou, kwa maana hiyo hiyo katika Kifaransa cha kitoto. Wapwani waliosikia kwamba manowari inaitwa Mimi bila shaka walikuwa na maoni yao. Mashua hizo zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa gari la moshi zaidi ya maili 2,000 hadi Fungurume katika Katanga, na hapo reli ikakoma.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia, ambako reli nyingine ndogo ilianzia, ni maili 140 hivi, na katikati ipo milima ya Mitumba. Mashua zilikaa juu ya vitanda vyenye magurudumu, zikavutwa na mitambo miwili ya mvuke ya kukokota, na penye kuishinda mitambo hiyo wakafungwa ng'ombe. Barabara haikuwapo, ilitengenezwa mbele ya magurudumu. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti iliyokatwa papo hapo. Penye mteremko mkali kamba zilizungushwa katika miti mikubwa ili mashua zishuke kidogo kidogo. Safari ilianza Agosti 18 na kufika Sankisia Septemba 28, baada ya kuvuka nyanda zenye kimo cha zaidi ya futi 6,000. Wiki sita kwa mwendo ambao gari la leo lingeumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Vitabu huisimulia safari hii kama kichekesho cha kishujaa, na vituko vya kamanda hupewa kurasa nyingi. Lakini mtambo wa mvuke hunywa maji kupita ng'ombe, na ule ulikuwa mwezi wa kiangazi. Maji hayo yaliletwa na wenyeji, wanawake wengi miongoni mwao, vichwani, kutoka mbali. Mamia ya vibarua walikata miti, walipasua miamba na kuvuta kamba. Mimi iliteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 26, 1915, na Februari 9, 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Tarehe zimehifadhika, na majina ya maofisa yamehifadhika. Majina ya waliobeba maji hayamo. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Mtu aendaye sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, huwataja bila kujua, kwa kuwa jina hilo ni la Kiingereza lililolainishwa na ulimi wa watu, na maana yake ni kikosi cha wachukuzi.

Miaka arobaini kabla ya hapo hapakuwa hata na gurudumu. Lady Alice ilikuwa mashua ya tanga na makasia, iliyojengwa mwaka 1874 na James Messenger huko Teddington, ukingoni mwa mto Thames, kwa ajili ya Henry Morton Stanley. Urefu wake nao ulikuwa futi 40. Iliundwa kwa vipande vitano vya futi 8 kila kimoja, vya kufungwa pamoja ifikapo majini. Ilipofika Unguja vipande vikaonekana vizito na vipana kuliko njia za bara ziwezavyo, ikabidi fundi seremala avipunguze na kuvigawa upya. Hii ndiyo mizani ambayo mwenye trela wa leo huiruka, naye Stanley, pamoja na makosa yake mengi, hakuiruka.

Msafara wa watu 356 uliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874. Wachukuzi wa mashua walichaguliwa katika wenye miili mikubwa kuliko wote, wakalipwa ujira wa juu kuliko wenzao, wakabeba kwa zamu. Anayeijua njia ya msafara wa siku zile ataelewa kazi yao. Ilikuwa ni kijia cha mtu mmoja nyuma ya mwenzake, upana wa nyayo mbili. Mzigo wa kawaida hukaa kichwani au begani na kupita popote apitapo mtu. Kipande cha mashua hakipiti, kwa kuwa kina wabebaji wawili au zaidi na mbavu pana zinazonasa katika kila mti. Hao wachukuzi walitangulia kuondoka na wakawa wa mwisho kufika, msitu ulipokuwa mnene. Februari 27, 1875 waliliona Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza ya leo. Vipande vikafungwa, tanga likapandishwa, na kuanzia Machi hadi Mei Lady Alice ikalizunguka ziwa zima, ikathibitisha kwamba ni ziwa moja na si mengi. Nahodha wa usukani, Uledi, alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda nayo toka mwanzo, na uhodari wake majini ulimshangaza hata mwajiri wake.

Ikavuliwa tena, ikabebwa, ikazunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1876. Ikabebwa tena hadi Manyema na ndani ya msitu mkubwa, ambako wachukuzi wake walichoka hata wakaichukia kama mtu achukiavyo adui. Ikashuka Lualaba, na kila penye maporomoko ikatolewa majini na kuburutwa kando, pamoja na mitumbwi ya magogo iliyokuwa mizito kuliko yenyewe. Katika maporomoko ya chini ya mto Kongo watu walikata barabara katika mlima, wakatandika miti, wakaikokota mitumbwi hiyo kwa mizizi na kamba, futi mamia juu, kisha wakaiteremsha upande wa pili. Wenyeji wa pale walitoka kutazama. Hawakuwahi kuona watu wakipandisha vyombo mlimani, na yamkini hawakuelewa ni deni gani walilokuwa wakilipa.

Mwisho wa Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, bahari ilikuwa imebaki mwendo wa siku chache kwa miguu, na njaa ilikuwa imekwisha kuwamaliza. Mashua ilipandishwa mara ya mwisho hadi juu ya mwamba, ikaachwa hapo ikauke na kuoza. Ilikuwa imevuka Afrika karibu yote, sehemu kubwa kwa mabega. Agosti 9 wakaingia Boma.

Novemba 26, 1877 waliosalia, zaidi kidogo ya watu 100, walirudishwa Unguja kwa meli iliyozunguka Rasi ya kusini. Wengine wa wale 356 walikuwa wametoroka njiani, nao hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wamekufa. Ikafuata kazi ya kulipa ujira. Waliokuwapo walipokea kila mmoja chake, kisha wakaitwa jamaa za marehemu, mama na wake na ndugu, nao wakasimama kueleza ni nani waliyemdai, na alikuwa amebeba nini.